Kuinua Hilux nyuma: springi nzito, springi za kati, kuongeza jani, au bloku na shekeli?

Fundi anayeijua kazi yake, ukimpelekea Hilux na kumwambia unataka inyanyuke, hakuulizi inchi ngapi. Anakuuliza: "Bosi, unabeba nini?" Wengi swali hilo huwakera. Umekuja na picha kwenye simu, gari la mtu limesimama juu kama swala aliyeshtuka, na unachotaka ni lako lisimame vivyo hivyo. Ila picha haionyeshi kilichomo kwenye bodi: tangi la maji, friji, betri ya pili, sanduku la vifaa, na juu ya paa hema lililokunjwa.

Mimi nilipoulizwa nilijibu kwa kiburi: "Wewe funga tu." Nikafungiwa springi nzito kama za rafiki yangu anayepeleka watalii porini. Wiki mbili baadaye nikampakia shangazi tukatoka Mto wa Mbu kwenda Engaruka, ile barabara ya vumbi yenye mikunjo kama bati. Bodini kulikuwa na jeki, taili la akiba na mkungu wa ndizi. Nyuma ya gari ikawa inaruka pembeni kama punda aliyekataa mzigo. Shangazi alivumilia mpaka Selela, kisha akauliza taratibu, "Wewe mtoto, hizi springi ni za gari au za daraja?"

Kwa hiyo ninayoyaandika hapa ni kwa ajili ya aliyekwama kati ya njia nne ambazo utapewa karibu kila gereji. Mfano wangu ni Hilux ya 4x4, dabo kebini, Vigo ya kuanzia 2005 au Revo ya kuanzia 2015: mbele koili springi, nyuma springi za majani (vipande virefu vya chuma vilivyopangwa pakiti moja) juu ya ekseli ngumu. Mwenye Land Cruiser 79 au pikapu nyingine yenye majani nyuma atayaona mengi ni yaleyale.

Tupime kwa nini

Kipimo cha kwanza ni mzigo unaolala garini. Nina maana ule uzito usioteremka: kanopi (kifuniko cha bodi), bampa la chuma la nyuma, tangi, rafu za vifaa. Mifuko kumi ya saruji unayobeba mara moja kwa mwezi ni kilo 500, lakini inashuka jioni ileile, kwa hiyo haihesabiwi humu. Lita moja ya maji ni kilo moja, hivyo madumu matano ya lita 20 yaliyojaa ni kilo 100. Ukikaa chini na kalamu utashangaa jinsi ambavyo wanaodhani wana mzigo hawana, na wanaodhani hawana wanao.

Cha pili ni kimo unachokipata kweli, siyo kilichoandikwa kwenye boksi. Cha tatu ni mwendo, gari likiwa tupu na likiwa limepakiwa, maana springi moja inaweza kuwa malaika kwenye hali moja na shetani kwenye nyingine. Cha nne ni kinachoumia: propela (mhimili unaopeleka nguvu kwenye ekseli ya nyuma), bushi (raba za kwenye maungio), shokapu, breki. Cha tano ni gharama, pamoja na swali ambalo watu hulisahau: ukigundua umekosea, unaweza kurudi ulikotoka?

Ugumu si kimo

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa hiyo niruhusu nikae kidogo. Springi ya majani ina mambo mawili yaliyo mbalimbali. Kuna mkunjo wake, ule upinde unaouona ikiwa sakafuni, na huo ndio unaoliweka gari juu. Halafu kuna ugumu wake, unaoamua gari litashuka kiasi gani ukilipakia na litarudi vipi likivuka tuta. Springi inaweza kuwa na mkunjo mkubwa na bado ikawa laini. Nyingine imelala karibu bapa na ni ngumu kama reli.

Ugumu unatokana na idadi ya majani, upana, urefu na unene. Unene una sauti kubwa, kwa sababu ugumu wa jani hukua kwa kipeo cha tatu cha unene wake. Jani la milimita 8 likilinganishwa na la milimita 7 lina ugumu wa mara moja na nusu hivi, ingawa kwa macho huoni tofauti. Ndiyo maana kuhesabu majani tu hakutoshi. Pakiti ya majani matano inaweza kuwa ngumu kuliko ya majani saba.

Sasa chukulia springi ngumu inayohitaji kilo 45 ili ishuke sentimita moja. Ukipakia kilo 500 juu ya ekseli, kila upande unachukua 250, na gari linashuka sentimita tano na nusu. Geuza hesabu: springi iliyotengenezwa ili gari likae sawa likiwa na kilo 500, ukizishusha, nyuma inapanda sentimita tano na nusu juu ya pale palipokusudiwa. Shokapu inakuwa imevutika karibu mwisho wake. Tairi likikuta shimo linataka kushuka, shokapu inagota, na gari zima linapata kofi. Watu husema "springi ngumu zinarusha," na ni kweli, lakini nusu ya huko kurusha kunatokana na tairi kukosa nafasi ya kushuka. Hilo hata shokapu ya bei mbaya hailiondoi.

Pakiti mpya nzito

Hii ni seti nzima, kushoto na kulia, iliyotengenezwa kwa ajili ya gari lenye uzito wa kudumu. Kampuni za Australia kama ARB kwa jina lao la Old Man Emu, Ironman, Tough Dog na Dobinsons huuza springi kwa makundi ya mzigo, na pakiti nzito huwa ni za gari lenye kilo 300, 500 au zaidi ambazo haziteremki. Soma maneno hayo vizuri: mzigo wa kudumu. Wauzaji wetu wengi hulitafsiri kundi hilo kuwa "imara," mteja akisikia imara anatoa hela.

Kimo: kwa kawaida sentimita nne hadi tano, gari likiwa na mzigo wake. Likiwa tupu, hesabu ya juu imekwisha kukueleza.

Mwendo: lenye mzigo ni raha. Gari halilali nyuma, taa hazimuliki miti, kwenye kona halipepesuki, na ukivuta trela pua ya gari haipandi. Likiwa tupu, kwenye lami utavumilia. Kwenye vumbi lenye mikunjo matairi ya nyuma yanapoteza mshiko, na kuna hatari ya kweli hapo, hasa kwenye kona yenye kokoto au ukishika breki ghafla.

Kinachoumia: springi zenyewe hazina shida, zitadumu. Pakiti nyingi nzuri zina jani la pili lililozungushwa kwenye jicho (kitanzi cha nchani) la jani la kwanza, hivyo jani kuu likikatika porini ekseli haikimbii. Wanaoumia ni wengine: milango ya kanopi, raba za bodi, na migongo ya waliokaa kiti cha nyuma.

Gharama: ndiyo ya juu kabisa kati ya nne, na juu yake weka yu-bolti mpya (zile zinazofunga springi kwenye ekseli), bushi, na shokapu za urefu unaolingana. Kurudi nyuma kunawezekana kwa kiasi. Pakiti nyingi zinakubali kutolewa jani moja, na ndivyo nilivyofanya mimi. Jani langu hadi leo liko nyuma ya mlango wa stoo, naambiwa linafukuza nyoka.

Anayefaa: mwenye kanopi ya chuma na vifaa vya safari visivyoshuka, fundi bomba au fundi umeme anayezunguka na stoo yake yote, mwenye kuvuta trela kila wiki. Mwenye gari la kwenda kazini na la harusi asiiguse.

Pakiti mpya ya kati

Seti nzima pia, lakini imekusudiwa gari tupu hadi kilo 200 au 300 hivi. Mkunjo unaweza kuwa uleule wa pakiti nzito, au karibu. Majani ni membamba zaidi, au moja la chini limewekwa mbali kidogo ili lianze kufanya kazi mzigo ukizidi. Mpangilio huo wa mwisho naupenda sana. Gari likiwa tupu unakaa juu ya majani laini, ukipakia saruji lile jani nene la chini linagusa na kusaidia.

Kimo: sentimita nne hivi, na kwa kuwa halina mzigo mkubwa wa kusubiri, kimo unachokiona siku ya kwanza ndicho utakachoishi nacho, ukiacha kushuka kidogo majani yakizoeana katika miezi ya mwanzo.

Mwendo: likiwa tupu ni karibu na springi za kiwandani, mara nyingi bora zaidi kwa sababu zako za kiwandani zimechoka na umesahau zilivyokuwa. Ukipakia robo tani ya ziada juu ya kiwango chake, linalala. Halivunjiki, linalala tu, na utazikuta raba za kugotea zinafanya kazi kwenye kila tuta.

Kinachoumia: kidogo sana, usipoigeuza kuwa lori.

Gharama: iko chini kidogo ya pakiti nzito, wakati mwingine ni bei moja. Hapa ndipo watu hujidanganya kwamba kwa bei ileile ni afadhali kuchukua nzito. Hununui chuma kwa kilo.

Anayefaa: familia yenye shamba, mtu anayekwenda Ngare Sero mara tatu kwa mwaka na mjini siku zilizobaki, mtu wa ofisi za miradi anayebeba watu wanne na mabegi. Kwa maoni yangu watu wengi wa dabo kebini wako kwenye kundi hili ila hawapendi kuambiwa.

Kuongeza jani

Hii ndiyo njia ya mitaani, na siidharau. Springi zako zinashushwa, zinafunguliwa, jani jipya lenye mkunjo mkubwa linaingizwa katikati, senta bolti (ile inayoshika majani pamoja) ndefu zaidi inapigwa, klempu zinafungwa, kazi imekwisha. Kuna jani fupi nene na kuna jani refu jembamba. Jani fupi huinua haraka na kwa bei ndogo, lakini linabana pakiti katikati na kuifanya ngumu hapo tu, majani ya zamani yakapinda kwa nguvu pale jani fupi linapoishia. Huko ndiko yanakokatikia. Jani refu linagawa kazi vizuri zaidi. Ukiwa na uchaguzi, chukua refu.

Kimo: sentimita mbili na nusu hadi tano, kutegemea springi za zamani zimechoka kiasi gani. Usiamini anayekutajia namba kabla ya kuchungulia chini ya gari.

Mwendo: ugumu unapanda palepale, gari tupu likasikia. Lenye mzigo linapata nguvu ya kutosha.

Kinachoumia: majani ya zamani. Unamfunga ng'ombe kijana na ng'ombe mzee nira moja, na jani jipya linavuta kuelekea juu wakati yale mengine yameshazoea kulala. Kama springi zako zina miaka 12, zina kutu kati ya majani na jicho la jani kuu limeanza kufunguka, jani jipya linakusogezea tu siku ya kukatika.

Gharama: sehemu ndogo tu ya bei ya pakiti mpya, na mafundi wa kuifanya wako kila mji. Kurudi nyuma ni rahisi: unalitoa.

Anayefaa: mwenye springi ambazo bado ni nzima ila zinalala kidogo chini ya mzigo, na mfuko hauruhusu zaidi mwaka huu.

Niseme hapa kuhusu kukunja upya springi za zamani kwa mhunzi, kwa kuwa mara nyingi utapewa kama mbadala wa jani. Ikifanywa kwa nyundo bila moto, na mtu mwenye mkono, inarudisha mkunjo kwa muda fulani. Ikifanywa kwa kulichoma jani mpaka liwe jekundu kisha likaachwa lipoe lenyewe, chuma kimepoteza ugumu kiliopewa kiwandani kwa kuzimwa kwenye mafuta na kupashwa tena. Linaonekana zuri Jumatatu, na Jumamosi limelala.

Bloku na shekeli ndefu

Nimeziweka pamoja kwa sababu zote mbili zinakupa kimo bila kugusa ugumu. Bloku ni kipande cha chuma kinachokaa kati ya springi na ekseli. Shekeli ni ile mikono miwili inayoshika ncha ya nyuma ya springi kwenye chesesi, nawe unaweka ndefu zaidi.

Kimo: bloku ya sentimita tano inakupa tano kamili. Shekeli inakupa nusu: ukiiongeza sentimita tano gari linapanda mbili na nusu, kwa kuwa unainua ncha moja tu ya springi. Wauzaji wengine huusahau ukweli huu mdogo.

Mwendo: springi ni zilezile, kwa hiyo gari tupu linabaki laini kama lilivyokuwa. Lenye mzigo nalo linalala kama lilivyokuwa linalala, ila kuanzia juu zaidi. Kama shida yako ilikuwa kulala, hujaitibu.

Kinachoumia: shekeli ndefu inashusha ncha ya nyuma ya springi na kuigeuza pua ya difu (gia ya katikati ya ekseli) kuelekea juu. Kwa springi ya mita 1.3, sentimita tano ni zaidi ya digrii mbili, zinazotosha kuleta mtetemo kwenye propela ukifika mwendo fulani. Shekeli ndefu pia hupepesuka upande zikiwa na bushi za raba zilizochoka. Bloku zina dhambi nyingine: zinaisogeza ekseli mbali na springi, na unapokanyaga mafuta kwa nguvu kwenye gia ya kwanza ekseli inapata mkono mrefu wa kuipinda springi kama herufi S. Bloku fupi ya chuma kizima, moja kila upande, inakubalika. Bloku mbili zilizopandishana, au bloku ya mbao ngumu (nimeiona, kwa macho yangu, gari likiwa na abiria), hapana. Na bloku haiwekwi kamwe kwenye ekseli ya mbele yenye majani.

Gharama: ndogo kabisa, pamoja na yu-bolti ndefu kwa upande wa bloku. Kurudi nyuma ni kazi ya asubuhi moja.

Anayefaa: mwenye springi mpya au nzima, asiye na mzigo, anayetaka nafasi ya tairi kubwa kidogo au kusawazisha nyuma baada ya kuinua mbele.

Mabaluni ya hewa

Utayaona yakiuzwa kama dawa ya yote: baluni kila upande kati ya chesesi na ekseli, unajaza pampu ukipakia, unatoa ukishusha. Kwa mtu wa mzigo unaobadilika ni wazo zuri, kwa kiasi. Ila baluni linabeba chesesi kwenye sehemu moja juu ya ekseli, wakati springi inabeba kwenye ncha mbili zilizo mbali. Dabo kebini yenye mzigo mzito nyuma ya ekseli, na trela juu yake, inaweza kupinda chesesi kati ya kebini na bodi. Yametokea vya kutosha Australia kwa watu wanaovuta karavani, yaani trela za kulala. Mimi ningeyaongeza juu ya springi zinazofaa tu, wala si badala yake.

Kazi isiyokwepeka, uchague lolote

Yu-bolti hazirudiwi. Zikishakazwa zimevutika, na ukizikaza mara ya pili hazishiki vilevile. Kaza tena baada ya kilomita 500 hivi, na angalia tena kwenye 1,000.

Bolti za bushi, zile za jichoni na za shekeli, zikazwe gari likiwa limesimama kwa matairi yake. Zikikazwa gari likiwa juu ya jeki, springi ikining'inia, raba ya bushi inajikamata katika hali hiyo. Ukishusha gari inakaa imesokotwa maisha yake yote, ambayo hayatakuwa marefu. Ni kosa la kawaida kuliko yote na fundi hulifanya kwa sababu bolti hufikika vizuri gari likiwa juu.

Breki ndizo zinanitia wasiwasi zaidi. Hilux nyingi zina valvu ya breki juu ya ekseli ya nyuma, imeunganishwa kwa kifimbo na inapima umbali kati ya chesesi na ekseli. Chesesi ikiwa karibu, valvu inaelewa kuna mzigo na kuruhusu breki za nyuma zifanye kazi zaidi. Ukiinua gari, kifimbo kinaivuta valvu iamini kwamba gari ni tupu kila siku, hata ukiwa na saruji. Breki za nyuma zinapungua, za mbele zinabeba kila kitu, na wewe unadhani ni pedi. Dawa yake ni kibano kidogo cha kuinua upande wa ekseli wa kile kifimbo kwa kiasi ulichoinua gari. Muulize fundi wako kuhusu hilo kabla hujalipa. Akikuangalia tu, tafuta mwingine. Palepale aangalie kama mpira wa breki unafika bila kunyooka gari likining'inia.

Propela ya vipande viwili, yenye senta beringi katikati, hutetemeka ukianza kuondoka hata kwa kuinua sentimita nne. Mara nyingi kushusha senta beringi kwa washa nene za sentimita mbili na nusu kunatosha.

Kuhusu mbele: ukiinua nyuma peke yake kwa sentimita tano, kwenye gari lenye mita 3.085 kati ya ekseli umelilaza mbele karibu digrii moja, usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi na taa zinamulika karibu. Kwa hiyo mbele nako kunaguswa, na baada yake alaimenti, na kurekebisha taa. Ukipita sentimita tano mbele, joint za ekseli zinaanza kulalamika, na hiyo ni bajeti nyingine.

Kuna kibao kidogo cha chuma kinachotaja uzito wa juu wa gari. Springi nzito hazikibadilishi. Ekseli, breki, beringi na chesesi ni zilezile. Gari lisilolala si ushahidi kwamba halijazidishiwa. Springi nzito kazi yake nyingine ni kukuficha hilo.

Kwa hali yako

Una kanopi ya chuma, tangi, rafu na hema, na vitu hivyo havishuki hata Krismasi: pakiti nzito, kundi la kilo zilizo karibu na zako, pamoja na shokapu zilizotengenezwa kwenda nazo.

Unabeba mzigo mzito siku mbili kwa wiki na siku tano ni tupu: pakiti ya kati yenye jani la chini linalosubiri. Siku ya mzigo nenda pole.

Gari ni la miaka mingi, springi zimelala na fedha ni za jani moja tu: kwanza zifunguliwe, zisafishwe, zitazamwe kama kuna mpasuko karibu na tundu la senta bolti. Zikiwa nzima, jani refu. Zikiwa na mpasuko, weka hela mpaka zitoshe pakiti, hata kama ni mtumba mzuri kutoka gari lililogongwa mbele.

Springi ni mpya, hubebi kitu, mbele imeshainuliwa na nyuma inaonekana imekaa chini: bloku fupi au shekeli, na uangalie mtetemo wiki ya kwanza.

Unavuta trela: pima uzito unaokaa kwenye ndoano, uhesabu kama mzigo unaolala kama trela linakaa nyuma yako siku nyingi. Vinginevyo baki na ya kati.

Umesoma yote haya na bado hujui uko wapi: jaza tangi la mafuta, acha kila kitu unachokiachaga garini, nenda kwenye mizani ya magari, na uombe upimiwe magurudumu ya nyuma peke yake. Toa vyote, rudi kesho, pima tena. Tofauti ya namba hizo mbili iandike kwenye karatasi, umpe fundi kabla hajauliza.